Kwenda kazini kwa baiskeli Mwanza: namna ya kukabiliana na madereva wasiojali

Anayetoka Igoma, Buhongwa au Pasiansi kuingia mjini kwa baiskeli hukutana na makosa yale yale kila siku: Hiace inampita kisha inamchomekea kituoni, bajaji inageuza bila indiketa, mlango wa gari unafunguka mbele ya tairi lake, fuso linambana hadi ukingoni mwa mtaro. Kukasirika ni haki yake. Ila makosa haya hayaji kiholela. Yana sehemu zake na sababu zake, na karibu kila moja hutanguliwa na dalili sekunde mbili tatu kabla. Tunaeleza hapa dalili hizo, mahali pa kukaa barabarani, na la kufanya dereva akishakukosea.

Breki na kioo kabla ya kutoka

Yote yatakayosemwa hapa chini hayana maana kama baiskeli haisimami. Bana breki ya mbele huku ukiisukuma baiskeli mbele: tairi la mbele ligome na la nyuma linyanyuke kidogo. Kisha bana ya nyuma: tairi liburuzike, lisizunguke. Mkono wa breki ukifika hadi kugusa usukani, waya umelegea na fundi yeyote ataukaza kwa dakika chache. Mpira wa breki ukae milimita 2 hadi 3 kutoka kwenye rimu, na ubadilishwe mara mifereji yake inapofutika.

Wengi wameng'oa breki ya mbele kwa kuogopa kupinduka. Irudishwe. Baiskeli inapopunguza mwendo uzito mwingi husogea mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi, na ya nyuma peke yake hulitelezesha tairi tu. Anayepinduka ni yule aliyeibana ghafla huku mwili umeegemea usukani. Sogeza makalio nyuma ya tandiko, nyoosha mikono, na ongeza nguvu ya vidole polepole.

Wenye Phoenix za breki za vyuma wajue kwamba rimu ya chuma ikilowa, mpira huteleza kwa mizunguko kadhaa kabla ya kuanza kushika. Mvua ikinyesha, anza kugusa breki mapema, kidogo kidogo, ili rimu ifutike maji kabla hujazihitaji kweli.

Funga kioo kidogo mwisho wa usukani upande wa kulia, kwa sababu magari hukupita upande huo. Kengele ni ya kuwashtua waenda kwa miguu na boda. Dereva aliyefunga vioo na kufungulia redio haisikii, kwake tumia sauti yako: neno moja fupi, kwa nguvu, "Oya!" au "Angalia!"

Usijibane ukingoni

Kosa linalowaponza wapanda baiskeli wengi ni adabu iliyozidi. Mtu anaona atasalimika akitembea pembeni kabisa, tairi likisugua ukingo wa lami. Kumbe pale ndipo anapomkaribisha dereva kupita bila kupunguza mwendo wala kusogea kulia, kwa kuwa njia inaonekana ni tupu. Na pembeni ndipo lami imemeguka, ndipo mvua imeacha mchanga na kokoto zilizoteremka kutoka milimani, ndipo mifuniko ya mitaro imevunjika. Ukikutana na shimo hapo huna pa kwenda ila kulia, yaani mbele ya gari.

Kaa mita 1 kutoka ukingo wa lami. Kwa kipimo cha haraka, ukiinama kushoto na kunyoosha mkono usiweze kugusa ukingo. Faida ni mbili. Dereva anayetoka nyuma analazimika kuamua mapema kama anasubiri au anahama njia kukupita. Hawezi tena kupenya. Na akikubana hata hivyo, unayo mita nzima ya kukimbilia kushoto. Gari linalokupita vizuri linakuachia mita 1 na nusu. Kama yanakupita kwa nusu mita siku nzima, tazama kwanza umekaa wapi.

Barabara ikiwa nyembamba kiasi kwamba gari haliwezi kukupita salama huku jingine likija, kaa katikati ya njia yako mpaka pafunguke. Utapigiwa honi. Honi haigongi mtu. Papana tena, rudi kushoto na umpungie mkono aliyesubiri. Dereva aliyeshukuriwa husubiri na mwingine kesho.

Vipi bega la barabara? Mahali ambapo bega ni la lami, ni pana na halina kitu, litumie. Lakini likishakatizwa na bodaboda zilizopaki, meza za matunda na Hiace kila mita 100, baki barabarani kwenye mstari mmoja. Kuingia begani na kutoka, kuingia na kutoka, ndiko kunakogongesha watu, kwa sababu kila unapotoka dereva anakuona kama umeibuka tu.

Kuhama njia kunahitaji kutazama nyuma bila baiskeli kuyumba, na hilo linafundishika. Tafuta uwanja wa shule Jumapili, chora mstari mrefu wa chokaa au vumbi, kisha:

1. Endesha juu ya mstari kwa mwendo wa kawaida, mikono ikiwa imelegea.
2. Geuza kidevu kuelekea bega la kulia, bila kuvuta usukani. Anayeyumba hapa kwa kawaida ameikaza mikono.
3. Taja kimoyomoyo kitu kimoja unachokiona nyuma yako, rafiki akiinua vidole uvihesabu ni vizuri zaidi, kisha rudisha macho mbele.
4. Ukishaweza, ongeza ishara: tazama, nyoosha mkono wa kulia kwa sekunde mbili au tatu, tazama tena, ndipo uhame.

Kutazama kwa mara ya pili ndiko watu wanakokuacha. Katika zile sekunde tatu boda imeshafika.

Daladala

Dereva wa daladala ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, na abiria aliyesimama kituoni atachukuliwa na Hiace ya kwanza kufika. Hilo linaeleza karibu kila anachofanya. Hakuchomekei kwa chuki. Ameshakusahau: macho yake yako kwa abiria mbele na kwa mwenzake kwenye kioo. Akiwa deiwaka, aliyepewa gari kwa saa chache tu, haraka ni kubwa zaidi.

Tabia ya kwanza: anakupita kisha anakata kushoto kusimama. Hii hutokea mita 50 za mwisho kabla ya kituo, au popote penye mtu aliyeinua mkono. Dalili zinaanza kwa konda. Kichwa chake kinatoka dirishani, mkono unapunga, anaita "Igoma, Igoma!" au "Nyegezi!" Ukiwa karibu utasikia abiria ndani akisema "Shusha!" Kisha mngurumo wa injini unashuka. Ukiona mawili kati ya hayo huku bampa la nyuma halijakuacha, acha kukanyaga pedali hapo hapo na gusa breki. Usikimbizane naye ili umpite upande wa kushoto. Ile nafasi unayoiona inafungwa ndani ya sekunde moja.

Akishasimama mbele yako una njia mbili tu. Ama unasimama nyuma yake, ukimwachia mita 4 hivi ili usivute moshi na ili akirudi nyuma usibanwe. Ama unampita kulia, ukimwachia mita 1 toka ubavuni. Kushoto kwake usipite kamwe. Mlango wa Hiace uko kushoto, na abiria anayeshuka na ndoo ya dagaa hatazami nyuma.

Ukiamua kumpita kulia, kazi yako ni kujua anaondoka lini, maana indiketa mara nyingi haiwashwi, au imewashwa tangu kituo kilichopita. Tazama vitu hivi kwa mpangilio huu. Taa za breki zikizimika, mguu umetoka kwenye breki. Konda akigonga bodi mara mbili au mlango ukiburuzwa kufungwa, wanaondoka. Na kikubwa kuliko vyote ni tairi la mbele la kulia: likianza kupinda kuja kwako, gari limeshaamua, hata kama bado halijasogea. Ukiliona likipinda kabla hujafika nusu ya gari, bana breki umwache atoke. Ukiwa umeshapita mlango wa dereva, piga kelele na maliza kupita.

Saa za asubuhi Buzuruga na Mabatini, Hiace tatu zinaweza kuwa zimesimama kwa mfuatano huku nyingine ikizipita. Usiingie katikati yao. Shuka, kokota baiskeli upande wa waenda kwa miguu, panda tena mbele. Utapoteza dakika moja.

Bajaji na bodaboda

Bajaji hugeuka mahali alipo, papo hapo, kwa kuwa mzunguko wake ni mdogo sana. Bajaji iliyopunguza mwendo bila sababu unayoiona, ichukulie kwamba itageuza. Ikibeba abiria, tazama miguu yao: mguu ukitoka nje, kusimama kumekaribia. Ya abiria mmoja anayetafuta nyumba ni hatari kuliko zote, kwa sababu dereva anaelekezwa huku anaendesha.

Bodaboda usumbufu wake mkubwa ni kuja mbele yako upande usio wake, akijibana ukingoni mwako ili asiende kukata mbali. Silika itakuambia umkwepe kwa kuingia barabarani. Usifanye hivyo, nyuma yako kuna gari usiloliona. Shika mstari wako ulionyooka, punguza mwendo, piga kengele, na ikibidi simama kabisa mguu ukiwa chini. Mwenye pikipiki anaona mbele na nyuma yako kuliko wewe, yeye ndiye atakayetafuta pa kupita.

Boda pia huchomoza kati ya magari yaliyosimama kwenye foleni. Unapopita pembeni mwa foleni, mwendo usizidi wa mtu anayekimbia polepole, na kila mwanya wa magari mawili uuhesabu kuwa ni njia panda.

Magari madogo na milango yake

Mlango wa gari dogo ukifunguka wote huchukua karibu mita 1. Kwa hiyo mtaa wenye magari yaliyopaki, kama mitaa ya katikati ya mji kuzunguka Barabara ya Nyerere na Kenyatta, unapita mita 1 na robo toka magari hayo, hata ikibidi gari la nyuma lisubiri. Ukigongwa na mlango, mara nyingi usukani unapindishwa ghafla na unaangukia njia ya magari. Majeraha mabaya hutokana na hilo la pili. Taa za gari lililopaki zikizimika, au kichwa kikionekana kupitia kioo cha nyuma, ongeza nafasi.

Kwenye njia panda usitegemee kumwangalia dereva usoni. Vioo ni vyeusi, na hata anayekutazama anaweza asikuone, kwa kuwa anatafuta magari. Tazama matairi yake. Tairi halidanganyi kama limesimama au linatambaa.

Malori na mafuso

Hapa hakuna ujanja. Ukiwa karibu na lori kiasi cha kutoona saiti mira zake, dereva hawezi kukuona. Upande wa kushoto ni mbaya kupita wote: lori likikata kona kushoto, matairi ya nyuma hayafuati ya mbele, yanakatiza ndani zaidi na kukibana kilichopo. Likisimama mbele yako kwenye njia panda, simama nyuma yake mita 10, hata kama pembeni panapitika. Ukilisikia likija nyuma kwenye mteremko, tafuta pa kutokea mapema na uliache lipite. Na ukiona mabomba, mabati au mikungu ya ndizi imezidi bodi, jua kwamba upana wa lori ni ule wa mzigo.

Magari ya samaki karibu na Mwaloni Kirumba humwaga maji ya barafu yenye utelezi. Usipige kona wala kubana breki juu ya michirizi hiyo.

Kiplefti na kukata kulia

Kwenye kiplefti, anayetoka kulia, aliyeshaingia mzunguko, ndiye mwenye haki. Kosa ni kuzunguka kwa nje kabisa kama unatalii: kila gari linalotoka litakukata mbele. Ukiingia kwenye mzunguko wa samaki pale mjini, kaa katikati ya njia yako tangu kabla ya kuingia, endesha kwa nguvu, nyoosha mkono wa kulia kama hutoki kwenye tokeo linalofuata, na wa kushoto unapokaribia kutoka.

Ukiona magari ni mengi, au kukata kulia kwenye barabara kuu kunakutisha, fanya kwa vipande viwili: endelea mbele moja kwa moja mpaka ng'ambo, shuka, kisha vuka kwenye zebra ukiikokota baiskeli. Ukishashuka wewe ni mwenda kwa miguu, na dereva anatakiwa kukupisha pale. Anatakiwa, kwa hiyo hakikisha magari yamesimama kwenye njia zote, si ile ya kwanza tu. Gari moja linaposimama kukupisha, jingine hulipita kwa kasi kwa sababu haliwezi kukuona.

Giza na jua

Mwanza iko magharibi, hivyo kunapambazuka kwa kuchelewa. Sehemu kubwa ya mwaka jua huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi. Anayetoka nyumbani saa 12 ili awahi zamu anaendesha gizani, na taa inahitajika sawa na jioni. Nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Ile ya nyuma ifungwe mwisho wa keria, chini ya usawa wa mzigo. Ikifungwa chini ya tandiko, begi au koti lililoning'inia huifunika na wewe hujui. Rifleta ya kuvaa ni nzuri, lakini utepe unaong'aa kwenye vifundo vya miguu unaonekana upesi zaidi, kwa kuwa unapanda na kushuka, na dereva anatambua mara moja kuwa huyu ni mtu anakanyaga pedali.

Jua nalo lina mtego wake upande wa Igoma. Asubuhi ukienda mjini jua liko mgongoni kwako, wewe unaona kila kitu vizuri. Wanaotoka mjini linawapiga machoni. Kwa hiyo gari linalokuja mbele na kutaka kukata kulia kukatiza njia yako linaweza lisikuone kabisa, mchana kweupe. Jioni ukirudi ni hivyo hivyo kwa wanaoelekea mjini. Kivuli chako kikiwa kirefu mbele yako, chukulia kwamba anayekuja huko mbele amepofuka, na fika kila njia panda vidole vikiwa kwenye breki.

Dereva akishakukosea

Kumfukuza, kumtukana au kugonga bodi la gari lake hakujawahi kumfundisha dereva, na humaliza umakini wako kwa kilomita nzima inayofuata, ambako kuna madereva wengine. Simama pembeni. Kunywa maji.

Kisha shika namba. Gari binafsi na la biashara huandikwa T, tarakimu tatu, herufi tatu. Pikipiki huanza na MC. Itamke kwa sauti mara tatu, uiandike kwenye simu pamoja na saa, mahali, uelekeo, na kwa daladala rangi ya mstari ubavuni na njia iliyoandikwa. Kibao cha njano ni gari binafsi, cheupe ni la biashara. Namba bila saa na mahali haina msaada.

Malalamiko ya daladala yapeleke LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ofisi ya mkoa, ambao ndio wanaotoa leseni ya njia, au kwa trafiki. Ya bodaboda mara nyingi huisha haraka zaidi kwa mwenyekiti wa kijiwe. Vijiwe vinajuana, na mwenyekiti hapendi kijiwe chake kipate sifa mbaya. Ukikaa na wapanda baiskeli wenzako mkaunganisha kumbukumbu, gari lililotajwa na watu watatu kwa tarehe tofauti linasikilizwa kuliko hasira ya mtu mmoja.

Ukigongwa

Usisimame upesi. Jaribu vidole, shingo, kisha magoti. Kama shingo inauma au hukumbuki ulivyoanguka, lala hapo na uombe watu wazuie magari.

Mtu apige 112, namba ya dharura. Kabla ya kitu chochote kusogezwa, piga picha: baiskeli na gari mahali vilipo, namba ya gari na alama za breki. Chukua namba za simu za mashahidi wawili, muuza duka na muuza mahindi wa pale pale wanafaa kuliko wapita njia, kwa kuwa kesho utawakuta.

Dereva atasema "tuyamalize". Usikubali hela pale barabarani kabla hujapimwa. Maumivu ya kichwa, tumbo na mbavu hujitokeza baada ya saa kadhaa, na wakati huo elfu ishirini yake imeshaitwa suluhu. Fungua taarifa polisi, chukua namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yako, na upewe PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, iwe Sekou Toure au Bugando. Unavuja damu? Nenda ukatibiwe, mwenzako afuate PF3. Bima ya lazima ya kila gari inahusu madhara kwa watu wengine, na wewe ni mmoja wao. Uhalali wake huangaliwa kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRAMIS wa Mamlaka ya Bima. Tunza risiti za dawa, za fundi na za nauli.

Baiskeli isipandwe kabla ya kukaguliwa. Tazama foko, ile panda inayoshika tairi la mbele, kwa ubavuni: miguu yake miwili ilingane, na isiwe imerudi nyuma kuelekea fremu. Pitisha kidole chini ya fremu pale mirija inapoungana na shingo ya usukani. Rangi iliyokunjamana au kupasuka hapo maana yake chuma kimepinda ndani. Zungusha magurudumu, rimu isiguse breki. Kofia ngumu iliyopiga lami, hata kama haina ufa unaoonekana, inatupwa.